Kabla Kampuni Haijafunga Msimbo

Huenda jina CentOS halikuambii kitu. Hata hivyo, kama ulifungua tovuti ya biashara jijini Nairobi kati ya 2010 na 2020, ukalipia nafasi kwenye seva ya kampuni ya hapa hapa, kuna uwezekano mkubwa tovuti hiyo ilikaa juu ya CentOS. Ilikuwa Linux ya bure, pacha wa ile ambayo Red Hat ya Marekani huyauzia mabenki na makampuni ya simu. Mafundi waliipenda kwa sababu iliwapa uthabiti wa bidhaa ya kulipia bila ankara ya kila mwaka.

Tarehe 8 Desemba 2020 Red Hat, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imenunuliwa na IBM kwa dola bilioni 34, ilitangaza kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kutunzwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. AlmaLinux na Rocky Linux zikajitokeza kuziba pengo, zikitumia msimbo ule ule, yaani maandishi yanayounda programu, uliokuwa hadharani. Kisha tarehe 21 Juni 2023 Red Hat ikasema msimbo wa bidhaa yake kuu hautawekwa tena mahali ambapo kila mtu anaweza kuuchukua. Mteja atapewa. Asiye mteja atosheke na CentOS Stream, toleo linalotangulia bidhaa yenyewe.

Leseni ya GPL, inayotawala sehemu kubwa ya Linux, haimlazimishi mtu kumpa msimbo kila apitaye njiani. Inamlazimisha kumpa yule aliyepokea programu, na kumwacha huru kuisambaza. Red Hat inatimiza la kwanza. Kuhusu la pili, mkataba wake unasema mteja atakayesambaza anaweza kukatiwa usajili. Wanasheria wanavutana kama jambo hilo linakiuka leseni au linaichezea tu pembeni. Wewe mwenye biashara huna haja ya kungoja wamalize.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetegemea programu ambayo hakuiandika: mwenye zahanati Kawangware, mhasibu wa shule Dagoretti, mweka hazina wa sacco yenye ofisi Moi Avenue, na fundi anayewahudumia wote watatu huku amebeba kompyuta mgongoni. Nitasisitiza jambo moja kuliko mengine. Haki ya kuutumia msimbo haimfai mtu asiye na nakala yake.

Kinachofungwa na kisichofungika

Tuondoe kwanza hofu isiyo na msingi. Toleo lililokwisha kutolewa chini ya leseni huria halirudishwi kabatini. Elastic ilipobadilisha leseni ya Elasticsearch Januari 2021, matoleo ya awali yalibaki chini ya leseni ya Apache, na Amazon ikayachukua kuanzisha OpenSearch. HashiCorp ilipobana Terraform tarehe 10 Agosti 2023, nakala ya mwisho iliyokuwa huru ikaendelezwa kwa jina la OpenTofu. Redis ilifuata Machi 2024, na kabla mwezi huo haujaisha Linux Foundation ilikuwa imetangaza Valkey. Hata asiyejua seva ni mnyama gani amewahi kunufaika na mtindo huu: LibreOffice ilizaliwa Septemba 2010, watu waliokuwa wakiandika OpenOffice walipopoteza imani na Oracle.

Basi kampuni inafunga nini? Inafunga toleo la kesho, na pamoja nalo masahihisho ya usalama. Programu ya hifadhidata inayobeba majina ya wagonjwa wako inaweza kuendelea kufanya kazi miaka mitatu bila kusasishwa, lakini kila tundu litakalogunduliwa ndani ya miaka hiyo litabaki wazi. Inafunga pia ukurasa wa kupakulia. Waulize mafundi wa simu za ofisi kuhusu Elastix, mfumo wa bure uliokuwa ukiendesha vituo vingi vya kupokea simu duniani. Desemba 2016 ulipita mikononi mwa 3CX, toleo jipya likajengwa juu ya bidhaa yao iliyofungwa, na matoleo ya zamani yakaondolewa mahali pake pa kawaida. Waliokuwa na nakala waliendelea, na kutoka kwao ukatokea Issabel. Wasiokuwa nayo walianza kutafuta kwa marafiki.

La tatu ni jina, na hili watu hulisahau. Koha, mfumo wa maktaba ulioandikwa kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua huko New Zealand na kuanza kazi Januari 2000, uliwahi kupatwa na hili. Kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuuzia huduma, LibLime, mwaka 2009 ilianza kutengeneza toleo lake pembeni na jumuiya. Mwaka uliofuata ilinunuliwa na kampuni nyingine, na ikafika hatua ya kutaka jina Koha lisajiliwe kama alama yake ya biashara huko huko New Zealand. Ombi hilo lilipingwa, na mwaka 2013 likakataliwa. Msimbo haukuwa umeguswa hata mstari mmoja. Mgogoro wote ulihusu nani ana ruhusa ya kuuita kwa jina lake.

Andika ulicho nacho

Kaa na fundi wako kwa saa moja, chini ya saa moja haitoshi, na muandike kila programu ambayo ikizimika kesho asubuhi wateja watakwama mlangoni. Acha mapambo; jedwali la kawaida linatosha. Kwa kila programu andikeni jina lake, namba ya toleo, nani aliiweka, iko kwenye kompyuta ya nani, na leseni yake ni ipi.

Leseni hukaa kwenye faili iitwayo LICENSE au COPYING ndani ya folda kuu ya programu. Usiridhike na neno "bure" kwenye ukurasa wa matangazo. Soma jina la leseni, halafu uiweke kwenye mojawapo ya makundi haya.

MIT, BSD na Apache ni leseni za ukarimu mwingi. Anayechukua msimbo anaweza kuubadilisha, kuufunga na kuuza, mradi aache jina la mwandishi. DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo ambao Wizara ya Afya ya Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 kwa takwimu za hospitali, uko chini ya BSD. Maana yake kwako: msimbo wa asili ni wako kuutumia, lakini nyongeza alizoweka mtoa huduma wako anaweza kuzifunga bila kosa.

GPL inabana zaidi. Moodle, Koha, WordPress na ERPNext ziko humo. Anayekukabidhi programu ya GPL, hata akiwa ameifanyia marekebisho yake, ni lazima akupe na msimbo, au akuandikie ahadi ya kukupa. Kwa GPL ya toleo la pili ahadi hiyo hudumu angalau miaka mitatu. Lakini neno kuu hapo ni kukukabidhi. Kama mfumo unakaa kwenye seva ya muuzaji, nawe unauona kwa kivinjari tu, hajakukabidhi kitu, na GPL haimdai. Tundu hilo ndilo lililozaa AGPL, inayomdai msimbo hata anayeihudumia kwa mtandao tu programu aliyoirekebisha. Ushahidi, jukwaa lililoandikwa siku chache tu baada ya vurugu za uchaguzi kuzuka, Januari 2008, liko chini ya AGPL katika toleo lake la sasa, na msimbo wake bado uko hadharani. Ni shirika la nyumbani, lililokulia Ngong Road na kuuza huduma zake duniani bila kumfungia mtu mlango.

Katikati kuna MPL, ambayo OpenMRS inaitumia. Faili zilizokuwa huria hubaki huria hata zikirekebishwa, ila faili mpya zinazoongezwa pembeni zinaweza kufungwa. Kumbuka hili, tutalirudia tukifika kwenye zahanati.

Kundi la mwisho ni la kuchunga sana. BSL na SSPL hukuruhusu kuona msimbo wote, kuupakua na kuusoma usiku kucha, lakini zina masharti juu ya unachoweza kuufanyia kibiashara. Msimbo unaoonekana si lazima uwe huria. Kwa duka la dawa la Kangemi linaloendesha mfumo wake lenyewe, masharti hayo hayagusi sana. Kwa kijana wa Westlands anayetaka kuuza huduma ile ile kwa maduka ishirini, ni kesi mlangoni.

Mtu wa kati

Nimeanza na Red Hat kwa sababu habari yake ilienea, lakini kwa ninavyoona, Mnairobi wa kawaida haumizwi na kampuni ya Marekani. Anaumizwa na muuzaji wa ghorofa ya tatu mjini aliyechukua programu huria, akabandika nembo yake, akaiita kwa jina jipya, akaiuza kama aliyoiandika mwenyewe, kisha akakataa kutoa msimbo siku mteja alipotaka kuhama.

Chukua zahanati. OpenMRS ina mizizi Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wataalamu wa Indiana, na kutokana na kazi hiyo OpenMRS ikaanzishwa 2004. KenyaEMR, inayotumika kwenye kliniki nyingi za Ukimwi nchini, imejengwa juu yake. Muuzaji anaweza kuichukua OpenMRS bila kumlipa mtu, akaongeza sehemu ya malipo ya M-Pesa na sehemu ya bima, akazifunga hizo mbili, akakuuzia. Hajavunja MPL. Lakini siku akikukasirikia, au akifilisika, au akihamia Dubai, utabaki na rekodi za wagonjwa ndani ya mfumo wa bure uliounganishwa na vipande viwili usivyoweza kuvifungua wala kuvitengeneza.

Dalili za mtu wa aina hii si ngumu kuziona. Ukimuuliza mfumo umejengwa juu ya nini, hujibu kwa jina la kampuni yake. Kurasa za msaada ndani ya programu zimefutwa. Faili za PHP, ambazo kwa kawaida mtu husoma kama barua, zimefumbwa kwa ionCube zikawa herufi zisizosomeka. Hiyo ya mwisho, ikiwa programu ya asili ni ya GPL na imewekwa kwenye kompyuta yako, ni kosa dhidi ya leseni, na unayo haki ya kumwambia hivyo.

Kuna hali nyingine isiyo na hila ndani yake lakini inafaa kujulikana. Odoo, inayopendwa sana na biashara za wastani, ina pande mbili: ile ya jumuiya chini ya LGPL, na ile ya kulipia iliyofungwa, mpangilio ulioanza na toleo la 9 mwaka 2015. Uhasibu kamili uko upande wa kulipia. Muuzaji akikuambia "Odoo ni ya bure", muulize upande gani, na akuandikie.

Mkataba

Hapa ndipo mteja hushinda au kushindwa vita, na ndiyo maana nitakaa zaidi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, na ina kipengele ambacho wateja wengi hawakijui: kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Yaani ukimwagiza kijana akuandikie mfumo kuanzia mwanzo, sheria imeanza kwa kusimama upande wako. Wauzaji wenye wakili mzuri wanalijua hilo, ndiyo sababu ukurasa wa sita wa mkataba wao una sentensi inayosema haki zote zinabaki kwa muuzaji. Isome sentensi hiyo kabla hujasaini. Ikatae, au udai punguzo la bei linalolingana nayo. Kumbuka pia kwamba kipengele hiki hakigusi bidhaa iliyokuwepo kabla hujaiagiza, wala msimbo huria uliomo ndani. Huo ni wa waandishi wake wa asili, wewe na muuzaji nyote ni wageni kwao.

Dai orodha ya vipande vyote huria vilivyotumika, pamoja na toleo na leseni ya kila kimoja. Fundi mzuri anaitoa orodha hiyo kwa dakika kumi, kwa sababu zana zake zinaiandika zenyewe. Asiyeweza kuitoa huenda hajui alichokuuzia.

Dai msimbo ukabidhiwe kwa kila awamu ya malipo, usingoje mwisho. Malipo ya pili yasitoke kabla msimbo wa awamu ya kwanza haujaingia kwenye hifadhi iliyofunguliwa kwa barua pepe ya biashara yako. Nasisitiza: akaunti iwe yako, fundi awe mgeni aliyekaribishwa ndani yake. Vivyo hivyo kwa jina la tovuti, akaunti ya seva, namba ya paybill na funguo za kuunganisha M-Pesa. Mfumo ambao akaunti zake zote ziko kwa jina la fundi ni gari ulilolinunua bila logbook.

Kisha kuna jaribio ambalo ningelidai hata kama ningelazimika kuacha mengine yote. Kabla ya malipo ya mwisho, mlete fundi wa pili asiyemjua wa kwanza. Mpe kompyuta tupu, nakala ya msimbo, na maelezo yaliyoandikwa. Akiweza kuusimamisha mfumo ukafanya kazi bila kumpigia simu yule wa kwanza, umekabidhiwa. Akikwama, hujakabidhiwa, hata kama una faili elfu kumi kwenye flashi. Mara nyingi kinachokosekana si msimbo mkuu bali vitu vidogo: faili ya mipangilio, mpangilio wa hifadhidata, sehemu moja iliyokuwa ikivutwa kimyakimya kutoka kwenye seva ya muuzaji. Jaribio hili litakugharimu siku moja au mbili za fundi wa pili. Lipa.

Kama muuzaji anakataa katakata kutoa msimbo wake, na mara nyingine ana sababu halali, kubalianeni uhifadhiwe kwa wakili kwa bahasha iliyofungwa, usasishwe kwa kila toleo, na mkataba utaje wazi lini bahasha ifunguliwe: akifunga biashara, akishindwa kujibu kwa siku kadhaa, au akiacha kuutunza mfumo. Na data iwe nje ya mabishano haya yote. Mkataba useme unaweza kuitoa data yako yote wakati wowote, kwa muundo wa wazi kama CSV au SQL, bila ada ya kuitoa.

Weka nakala yako mwenyewe

Kwa programu huria unazopakua mwenyewe, usitegemee kwamba ukurasa utakuwepo daima. Fundi wako aendeshe amri ya git clone --mirror kwa kila hifadhi ya msimbo mnayoitegemea. Amri hiyo huchota historia nzima pamoja na matoleo yote, si toleo la leo tu. Apakue na faili zilizotayarishwa kusakinishwa, maelezo ya matumizi, na vipande vingine ambavyo programu huvivuta inapojengwa. Hivi vya mwisho ndivyo husahaulika, na bila hivyo msimbo wako ni maandishi ya kusoma tu.

Hifadhi pia faili ya leseni ya toleo hilo na tarehe uliyoipakua. Siku kampuni ikibadilisha masharti, huo ndio ushahidi wa ruhusa uliyopewa.

Nakala moja iwe kwenye diski nje ya ofisi. Kisha kuna huduma ambayo ni ajabu watu wachache huitumia: Software Heritage, iliyoanzishwa na taasisi ya Inria ya Ufaransa mwaka 2016, ambayo kazi yake ni kuhifadhi msimbo wa dunia nzima. Ukiipa anwani ya hifadhi yoyote ya wazi, inakwenda kuichukua na kuitunza, bila malipo. Weka humo programu unazozitegemea, hasa zile ndogo zilizoandikwa na mtu mmoja, kwa sababu ndizo hupotea bila kutangazwa.

Kampuni ikishafunga

Siku habari ikitoka, usihame kesho yake. Toleo ulilo nalo halijaharibika usiku mmoja. Wape watu miezi michache waonyeshe ni nani anachukua nakala ya mwisho iliyokuwa huru na kuiendeleza kweli, na nani ametoa tangazo la hasira tu. Angalia kama wanaoiandika wanatoka kampuni zaidi ya moja, kama iko chini ya taasisi isiyo ya biashara, na kama matoleo yenye masahihisho ya usalama yanatoka bila kukawia. Mradi ulioondoka kwa kampuni moja ukaenda kwa kampuni nyingine moja umebadilisha tu mwenye ufunguo.

Wakati mwingine mlango hufunguliwa tena. Elastic ilirudisha AGPL kama chaguo Agosti 2024. Redis ilifanya hivyo Mei 2025 na toleo lake la 8. Malalamiko ya kampuni hizi hayakuwa ya uongo, kwamba wenye seva kubwa duniani wanauza kazi yao na kuwarudishia kidogo. Sina huruma nyingi kwa Amazon. Lakini anayelipia ugomvi wao ni fundi wa Kilimani aliyesoma leseni moja Jumatatu na nyingine Ijumaa.

Kwa wenye CentOS 7 hadi leo, na najua mpo: utunzaji wake ulikoma tarehe 30 Juni 2024. Ipo zana ya AlmaLinux, inayoitwa ELevate, ya kuwavusha hatua kwa hatua. Fanyeni kwanza kwenye nakala ya seva, siyo seva yenyewe, na msifanye mwisho wa mwezi wakati mishahara inatoka. Wenye FreePBX ya simu za ofisi, toleo la 17 limehamia Debian 12, kwa hiyo njia imeshachongwa. Mimi kwa seva mpya ningechagua Debian bila kufikiri sana. Iko tangu 1993, inaendeshwa na watu wa kujitolea, na hakuna kampuni inayoweza kuinunua ikaifunga.

Kulipa nako si aibu. Kama una benki ndogo au hospitali, na unahitaji mtu wa kumpigia simu saa nane usiku mfumo ukianguka, usajili wa Red Hat unaweza kuwa wa bei nafuu kuliko usiku huo. Mtu binafsi hata halipi: tangu 2021 anaruhusiwa kuitumia bure kwenye mashine hadi 16. Kibaya ni kulipa kwa sababu huna njia nyingine ya kutoka.

Neno moja kwa wasanidi wetu. Ukichangia msimbo kwenye mradi wa kampuni, soma makubaliano ya mchangiaji kabla ya kubonyeza. Yakiipa kampuni peke yake haki ya kubadilisha leseni ya kazi yako, basi siku ya kufunga itafunga na mistari yako ndani.

Ukinyimwa kilicho haki yako

Anza na barua kwa muuzaji, na iwe ya adabu. Taja programu, toleo, leseni, tarehe uliyokabidhiwa, na kipengele kinachompasa kukupa msimbo. Mpe siku 14. Wauzaji wengi hawajawahi kuisoma leseni wanayoiuza, na barua yenye jina la kipengele huwafanya wampigie wakili, naye wakili huwaambia watoe.

Asipotoa, waandikie wenye mradi wa asili. Wao ndio wenye hakimiliki, na wao ndio wanaoweza kumshtaki kwa kuikiuka. Huko California, shirika la Software Freedom Conservancy lilifungua kesi Oktoba 2021 dhidi ya Vizio, mtengenezaji wa televisheni, likidai kwamba hata mnunuzi wa kawaida ana haki ya kudai msimbo. Huko Ufaransa, kampuni ya simu ya Orange iliamriwa mwaka 2024 kulipa mamia ya maelfu ya yuro kwa kukiuka GPL. Kwa hiyo jambo hili si la vitisho vitupu.

Kama mfumo uliuagiza wewe na mkataba haukukunyima haki, nenda kausajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ofisi zake ziko NHC House, Aga Khan Walk. Usajili si lazima kisheria lakini hukupa cheti cha kuonyesha. Kama unachotaka ni kurudishiwa pesa, na haizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na unaweza kwenda bila wakili. Haitakupatia msimbo, ila muuzaji akijua njia hiyo ipo, hubadilisha sauti.

Na kama mfumo ni wa serikali, swali ni lako pia, kwa kuwa pesa ni zako. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Nancy Gathungu iliyotoka Machi 2025 ilisema kwamba mfumo wa teknolojia wa bima mpya ya afya, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi wala kudhibitiwa na serikali kwa mujibu wa mkataba uliotiwa saini. Huhitaji kuwa mhandisi kuuliza nani anashika msimbo wa mfumo wenye rekodi zako za matibabu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza taasisi ya umma, nayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Isipojibu, Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, ina ofisi West End Towers, Waiyaki Way, Westlands. Kuwasilisha ombi hakuna ada.